Chui na Mamba Walioangaliana Barabarani

Kazi yangu ya kwanza mjini Élisabethville ilikuwa kuandika namba ubavuni mwa mabehewa. Baba yangu alitoka kaskazini, akapigilia reli mpaka mgongo ukakataa, na kabla hajapumzika aliniombea nafasi kwa kapita, msimamizi wa karakana ya rangi. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri. Frère mmoja, mtawa wa pale misioni, alinifundisha herufi zenye miguu na mikia, zile zinazofungua kurasa katika vitabu vya misa. Kwenye mabehewa hawakutaka miguu wala mikia. Walitaka namba nyeupe zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride, na ole wako saba yako ikilegea kiuno.

Nilivumilia, lakini mkono uliozoea kucheza hauachi hivi hivi. Siku moja niliipa tisa mkia mdogo uliojikunja kama wa kinyonga. Mzungu wa karakana alilitazama lile behewa kwa utulivu, akaniambia niufute. Nilipokwenda kuchukua kitambaa, gari moshi likaondoka na mkia wangu kuelekea Sakania. Nilifurahi siku nzima, na furaha ile ndiyo iliyonionyesha kwamba kazi ya namba haikuwa yangu.

Mwenzangu nilimkuta kwa kinyozi wa Kamalondo, mtaa wetu. Alikuwa Mkasai wa rika langu, komi, yaani karani, katika duka la nguo la Mreno mmoja kule mjini, mtu wa kuvaa tai hata siku ya kufua. Wote wawili tulikuwa tunangoja zamu ya kunyolewa, na juu ya kichwa cha kinyozi kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa makaa: KWAFERE YA BANTU BOTE, yaani kinyozi wa watu wote, herufi za mwisho zimebanwa pembeni kama abiria waliochelewa. Mkasai aliusoma, akacheka puani kwa adabu.

"Unachekea nini?" kinyozi akamwuliza, wembe ukiwa shingoni mwa mteja.

"Sicheki, yaya," Mkasai akajibu, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Ninaona tu ubao iliisha mbele ya maneno."

Nikasema mimi naweza kuuandika upya. Mkasai akasema yeye anajua Kifaransa chake sahihi. Kinyozi akasema basi sisi wawili tukae kimya, tuuandike, naye atatunyoa bure. Juma lililofuata kinyozi wa barabara ya pili alikuja kututafuta, amekasirika kwamba hatukuanza kwake.

Mkasai alinisindikiza mpaka kwangu akikokota baiskeli yake. "Weye unajua kuandika," aliniambia, "miye najua kusema. Bantu hawanunue rangi, ndugu. Banunua jina."

"Jina iko bure," nikamjibu.

"Njo maana hakuna mutu anaiuzisha bado."

Nilimpelekea mke wangu habari hiyo huku nikitarajia vita. Yeye alizaliwa Kilwa, si ile ya pwani bali ya kando ya ziwa Mweru, ambako mama yake kila kiangazi alipaka ukuta wa nyumba udongo mwekundu na mweupe kwa viganja, na binti alirithi viganja vile pamoja na mdomo. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza kwamba nataka kuacha mabehewa nifungue atelye ya kuchorea watu vibao, na kwamba yule Mkasai atatafuta wateja.

"Na reli itabaki na nani?" akauliza.

"Itabaki na wengine."

Alitupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharagwe. "Basi miye nafuata. Lakini sitakuya kuosha brashi. Nitakuya kushika brashi."

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, mlango wetu ukitazama njia ya vumbi ambayo Kamalondo nzima ilipita ikienda sokoni au kanisani. Cherehani ililia kutwa upande wa pili wa ukuta, nasi tukazoea kupaka kwa mwendo wake. Mwenzangu alitaka atelye iwe na jina la Kifaransa, refu, lenye neno *moderne*, yaani la kisasa, na neno *publicité*, yaani matangazo, na mengine mawili matatu ya heshima. Nilipopima herufi, ubao mrefu kuliko yote tuliokuwa nao uliishia katikati ya *publicité*. Alisema tununue ubao mrefu zaidi. Nilisema mlango wenyewe ni mwembamba kuliko jina. Wakati sisi tunabishana, mke wangu kila jioni alikuwa anafuta viganja vyake mlangoni, nyekundu, bluu, manjano, mpaka mlango ukajaa mikono kama umati unaoomba kuingia. Watu wakaanza kusema, "Peleka kibao chako kule kwa Mikono." Mwenzangu alihuzunika kwa muda. Kisha nilimsikia akimweleza mteja kwamba jina hilo alilibuni yeye.

Wateja walikuja, kila mmoja na ndoto yake. Fundi cherehani jirani yetu alitaka tuandike kwamba mishono yake ni ya Paris. Yeye hajawahi kufika hata Jadotville, mji wa jirani. Tuliandika. Muuza mafuta ya mawese alitaka chupa yenye miguu inayokimbia, kwa sababu bidhaa yake huisha upesi. Wa ajabu kuliko wote alikuwa seremala wa majeneza. Alikuwa ameona kibao cha kinyozi, na chini kabisa tulikuwa tumeandika *Karibu tena*. Yeye naye aliyataka maneno yale yale, herufi zile zile.

Mwenzangu alivua kofia yake, akaipachika gotini. "Baba," alimwambia, "hayo maneno ni ya kinyozi. Nywele inarudi."

"Bantu banapenda kukaribishwa," seremala akasema.

"Banapenda, ndiyo. Lakini kwako bangependa kukawia."

Seremala alifikiri kwa uso wa mtu anayepima ubao. Mwishoni tulimwandikia *Kazi ya upole*, na alitoka ameridhika, akisema kwamba kweli yeye ni mpole.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka alipokuja mzee mmoja aliyekuwa kapita mgodini. Alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo, suruali yake ikishikiliwa na mikanda ya mabegani. Amepumzika kazi, amefungua baa kwenye barabara iendayo sokoni, na baa ilikuwa inakaa tupu, kwa sababu ng'ambo ya barabara kulikuwa na baa nyingine ya zamani. Mwenye baa ile alikuwa mjane kutoka Pweto. Alikaanga samaki wa ziwani mbele ya mlango wake, na harufu peke yake ilikuwa kibao tosha. Mzee kapita alitaka ukuta wake wa mbele uchorwe chui.

"Chui munene," alisema kwa sauti yake ndogo. "Mutu akimwona, asikie kiu."

Sikujua chui na kiu vinahusiana vipi, lakini mwenzangu alikwisha kusema ndiyo. Nilichora chui siku mbili. Nilimtia madoa moja moja kwa uangalifu, kama namba za behewa. Mzee kapita alitoka, akamtazama, akaenda upande wa kulia, akaenda upande wa kushoto.

"Huyu ni nyau," akasema.

Na kweli alikuwa nyau. Nyau mkubwa, mwenye madoa, anayengoja maziwa. Mke wangu alikuwa ameleta chakula chetu. Aliweka sufuria chini, akasimama karibu na ukuta.

"Ni macho," alisema. "Umemupa macho ya mutu anaangalia fotografe. Chui haangalie mutu. Anaangalia kwenye mutu atapita."

Akachukua brashi. Akaisogeza mboni ya kila jicho kidogo tu, akashusha taya, akainua bega moja. Nyau akaondoka ukutani, chui akaingia. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la mihogo alihamia upande wa pili wa barabara bila kujua amehama. Mzee kapita alikwenda ndani akatuletea bia mwenyewe, na kwa mtu aliyekuwa kapita hayo yalikuwa maneno mengi.

Ila chui huyo, kwa kuangalia mahali mtu atakapopita, alikuwa anaangalia moja kwa moja mlango wa mama wa Pweto.

Kabla juma halijaisha mama huyo alikuja kwa Mikono. Alikuwa mrefu, kitambaa chake cha kichwani kimefungwa kwa ukali, na alinukia samaki na sabuni. Hakukaa.

"Ni nyinyi njo mulimuchora ule munyama?"

Mimi nilitazama rangi yangu. Mwenzangu alisimama, akarekebisha tai. "Ni sisi, mama."

"Bateja bangu banakunywa, bakiinua macho, ule munyama anabaangalia mu glasi. Mumoja aliacha bia katikati. Nataka mamba."

"Mamba wa namna gani, mama?"

"Wa Mweru. Mwenye kufungua kinywa. Na aangalie ng'ambo."

Alipoondoka, mwenzangu alikaa juu ya kopo la rangi akashika kichwa kwa furaha. "Ndugu, unaona? Chui mumoja anazaa mamba."

Mimi nilikuwa na wasiwasi: tutachoraje adui wa mteja wetu? Mke wangu alisema kwamba mamba hana ubaya na mtu, ana njaa tu, na kwamba yeye mamba anamjua. Utotoni alimwona mmoja akichukua mbuzi wa jirani. Akamchora yeye, mimi nikimsaidia mgongo. Mamba akawa mrefu kuliko ukuta, mkia ukakata kona na kuingia uani, na kinywa chake kilifunguka hasa mbele ya chui. Sasa ikawa ukipita barabara ile unapita kati ya watu wawili wasiosemezana.

Mzee kapita alitutembelea akiwa na mikono nyuma. Hakugomba. Aliuliza tu kama chui wake anaweza kuvaa tai, kwa kuwa baa yake ni ya watu wenye adabu. Tukamvisha tai nyekundu. Mama wa Pweto, alipoiona tai, aliuliza kama mamba naye anaweza kuwa na glasi ya bia mkononi. Mamba hana mkono wa kushika glasi, lakini tukampa. Basi chui akapata kiti. Mamba akapata meza, na juu ya meza sahani ya samaki. Kila mmoja alituapisha tusimwambie mwenzake alichoagiza, na mwenzangu kila mara alijibu kwa uso wa padri, "Mama, kwetu ni kama ungamo," "Baba, kwetu ni kama ungamo." Halafu alipanda baiskeli kwenda ng'ambo kuuliza kama huko nako hakuna wazo jipya.

Watu walianza kuja kutoka mitaa mingine ya cité, mji wetu sisi Waafrika, kuangalia kilichoongezwa. Jumapili, baada ya misa, familia zilizovaa vizuri zilipita pale polepole, baba akieleza, watoto wakitafuta tofauti. Mpiga gitaa mmoja alitunga wimbo ambao chui anamwomba mamba kiberiti. Walevi waligawanyika: kulikuwa na watu wa Chui na watu wa Mamba, na mtu aliyezoea kuonekana kwa Mamba akionekana kwa Chui, aliulizwa kwa upole kama nyumbani kuna shida. Baa zote mbili zilijaa. Mzee kapita aliongeza viti, mama wa Pweto aliongeza karai la pili la kukaangia samaki, na ninyi mngedhani sasa wangetosheka.

Hawakutosheka. Mama wa Pweto alikuja tena, macho yanang'aa. Alitaka tai ile nyekundu ya chui ionekane ikining'inia kwenye meno ya mamba. Tena alitaka mamba awe na kofia, kofia ya kahawia ya kiume kama ya marehemu mume wake, aliyekuwa mvuvi wa kupendeza.

"Na chui?" niliuliza. "Chui bado ana tai yake ng'ambo."

"Aende anunue ingine," alisema mama.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tulichora. Tai ilikaa vizuri katikati ya meno, wekundu wake ukaonekana toka mbali. Kofia ilitupa taabu, maana rangi ya kahawia iliisha kabla sijaanza ukingo wake, na mama alikuwa amesimama nyuma yangu akitaka kazi iishe jioni ile ile. Nyeupe ilikuwapo tele. Mwenzangu alisema nyeupe nayo ni rangi ya heshima. Nikaipaka yote nyeupe, ikawa kofia nzuri, ya mviringo, imekaa kichwani kwa mamba kama imezaliwa pale.

Nafikiri mimi peke yangu nilihisi kitu. Niliposhuka ngazi niliirudia kuitazama ile kofia, nikajiambia inafanana na kitu fulani, sikujua ni nini, nikaenda kunawa.

Siku chache baadaye, alasiri, bwana mmoja Mzungu, mkuu wa ofisi ya cité, alipita. Alikuwa anatembea na polisi wawili kukagua mifereji ya maji machafu, na akaona umati barabarani umesimama ukicheka. Umati ulimwona, ukapungua haraka. Akabaki yeye katikati ya barabara, na kichwani alikuwa amevaa kofia yake ya jua, nyeupe, ya mviringo. Alimtazama mamba. Mamba, kwa jinsi mke wangu alivyomchora, alimtazama yeye.

Sisi tulikuwa mlangoni kwa mzee kapita, tumekuja kumsikiliza anataka nini safari hii.

Bwana yule alitumia Kiswahili chake cha amri. "Hii mamba iko nani?"

Akageuka kwa chui. "Na hii? Hii mwenye cravate iko nani?"

Mwenzangu alisogea mbele, akazungumza Kifaransa chake kizuri kuliko vyote, akaeleza kwamba haya ni matangazo ya biashara tu, *de la publicité, monsieur*. Bwana akamwuliza, kwa Kifaransa pia, kwa nini basi mamba amevaa kofia kama ile, na kwa nini anatafuna tai ya mtu mwingine. Miaka ile watu wetu wenye kuvaa tai, makomi na walimu, walikuwa wameanza kuiandikia serikali barua za kuomba hili na lile. Mwenzangu mwenyewe alikuwa amevaa tai pale pale, nyekundu. Polisi mmoja alimtazama, akamtazama mamba, akamtazama tena.

Mama wa Pweto alivuka barabara, kijiko cha kukaangia mkononi. "Bwana, ile ni mamba," alisema. "Kama ingekuwa mutu, ningemuandikisha jina."

"Kofia?"

"Ya bwana yangu. Alikufa."

"Bwana yako alikuwa mweupe?"

"Hapana. Rangi iliisha."

Ulikuwa ukweli mtupu, na sijawahi kusikia ukweli uliofanana na uwongo kiasi kile. Mzee kapita naye akasimama wima, visigino pamoja, kama alivyosimama maisha yake yote mbele ya mabwana wa mgodi. "Chui ni chui, bwana," alisema kwa sauti ndogo. "Na mamba ni mamba. Mimi na huyu mama tuko wakosanaji tu."

Kesho yake tuliitwa ofisini, mimi na mwenzangu. Sitaficha: niliogopa. Niliwaza chumba chenye kufuli, niliwaza kurudishwa kaskazini na karatasi mkononi, na mke wangu kubaki na makopo. Tuliketi kwenye benchi la ukumbini toka asubuhi, mwenzangu bila tai, shingo yake ikionekana nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nilimshika goti. Tulipoingia, bwana yule alikuwa amechoka kuliko kukasirika. Nadhani usiku alikuwa ameona kwamba akiliandika jambo hili kwa wakubwa wake, atalazimika kueleza kwamba alijifananisha na mamba. Akatoa amri fupi: kuta zote mbili zipakwe chokaa, na tangu leo wanyama hawaruhusiwi kuvaa nguo.

Mwenzangu akapata sauti. "Na bila nguo, monsieur?"

"Hata bila nguo."

Chokaa niliipaka mwenyewe. Mke wangu alikataa kuja. Alisema atakayemfuta mamba wake asimwambie siku wala saa. Alifunga mlango wa atelye akapiga ngoma ya makopo ndani, nadhani kwa mateke. Nilianza na chui. Ukipaka chokaa juu ya rangi ya mafuta, haishiki mara ya kwanza, kwa hiyo ilibidi nirudie, na kila nilipodhani ameondoka, jicho moja lilirudi. Watu walisimama, na yule mpiga gitaa akavua kofia.

Nilipohamia ng'ambo kwa mamba, niligeuka nikaona kitu ambacho barabara ile haikuwahi kuona. Mzee kapita alikuwa amekaa kwenye benchi la mama wa Pweto. Mama alikuwa amemletea samaki kwenye sahani ya bati, na wote wawili walikuwa wananiangalia kama watu walioketi matangani.

"Anza na mukia," mama aliniambia. "Kichwa uache mwisho."

"Na tai yangu?" mzee kapita akauliza.

"Tai ni yangu," alisema mama. "Iko mu meno yangu."

Mzee alikula samaki kidogo. "Samaki iko muzuri," akakubali, na alisema hivyo kwa taabu, kama anayetoa mwiba. Watu wa Kamalondo, kwa kuwa wanapenda hadithi ziishe vizuri, walitaka sana wale wawili waoane. Hawakuoana. Waliendelea kushindana mpaka uzee wao, ila walianza kuletewa barafu kwa gari moja, na mama akawa anapeleka samaki ng'ambo kwa wateja wa mzee, kwa bei ya juu kidogo.

Miezi ile iliyofuata tulikuwa wanyonge. Kuta zilikuwa nyeupe, na mwenzangu alisema jina letu limepakwa chokaa pamoja nazo. Alianza kuzungumzia kurudi kwa Mreno kupima vitambaa. Mimi niliota namba. Halafu jioni moja tulikuwa tumekaa nje ya atelye, na wanaume wawili wageni, wametoka kazini na mavumbi ya shaba kwenye viatu, wakasimama kumwuliza mke wangu njia.

"Mama, kwa Chui ni wapi?"

"Hakuna chui," mke wangu akajibu, bado ana uchungu. "Kuko ukuta mweupe."

"Njo ule," wakasema. "Balituambia: ukuta mweupe, mukono wa kuume. Wa kushoto njo kwa Mamba."

Walipokwenda, mwenzangu aliingia ndani akatoka amevaa tai.

Habari zina miguu yake. Aliyekuja kwetu baada ya hapo alikuwa Mgiriki mwenye duka la vyakula mjini, ng'ambo ya uwanja uliotenga cité na mitaa ya Wazungu. Alikuwa amesikia kwa mpishi wake juu ya mnyama aliyemtisha bwana wa cité, na alikuja na gari lake mpaka mbele ya mlango wa mikono, akashuka akiwa anajipepea.

"Nani alichora mamba?" akauliza.

Mwenzangu alifungua kinywa. Nikamkanyaga mguu. "Ni mke wangu," nikasema.

Mgiriki akamtazama mke wangu aliyekuwa anapasua vijiti vya kuni, rangi ya manjano kwenye kiwiko. "Madame, nataka kuku. Kwa mayai yangu. Ukuta mzima."

"Kuku wa kuvaa nini?" mke wangu akauliza.

"Asivae kitu," alisema Mgiriki haraka. "Nina ruhusa ya kuku bila nguo."

Siku ya kazi tulikwenda mjini mchana kweupe, ngazi ikiwa imefungwa kwenye baiskeli ya mwenzangu na makopo yakining'inia kwenye usukani, mimi nikishikilia nyuma, mke wangu ametangulia mbele na brashi zake zimefungwa ndani ya kitambaa kama mkate. Polisi wa kwenye njia panda alitusimamisha akataka karatasi, nasi tulikuwa nazo. Mwenzangu alimweleza, bila kuulizwa, kwamba sisi ni nyumba ya matangazo. Polisi akauliza nyumba iko wapi. Mwenzangu alionyesha ngazi, baiskeli na sisi wawili. "Njo hii," akasema.

Herufi niliandika mimi, na safari hii hakuna aliyenikataza, basi kila moja ilipata mguu na mkia kama ilivyopenda. Kuku alichora mke wangu. Wazungu waliopita na vikapu vyao walisimama, mmoja akacheka, mwingine akauliza bei ya mayai, na Mgiriki alitoka kila mara mlangoni kuhesabu waliosimama. Tulirudi Kamalondo kwa miguu, tukiimba nusu nusu, na mwenzangu alinunua mkate na dagaa tukala tukitembea.

Kuku yule alikaa pale miaka mingi, mpaka duka lilipouzwa. Mke wangu hakumpenda sana. Alisema amemfanya mnene upande mmoja, na kila tulipopita mjini alivuka barabara ili asimwone.